Mama Clara, Aliyemeza Dawa Mbele ya Mwanawe

Ndugu waombolezaji, anayesoma ni Theodory, kaka wa marehemu. Familia imeniomba nisome kwa utulivu, nisije nikamgombeza mtu makaburini. Nitajitahidi.

Fabiola Damasi Tarmo alizaliwa Sigino tarehe 14 Machi 1988, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Damasi Tarmo na Mama Scholastica. Alikuwa mtoto wa maneno mengi. Akitumwa chumvi dukani, alirudi na chumvi pamoja na habari za kila nyumba aliyopita, ikabidi mama achague kusikiliza au kupika.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Sigino kuanzia mwaka 1996 hadi 2002, akafaulu kwenda sekondari ya bweni. Mwaka 2004, akiwa kidato cha pili, alianguka darasani na kutokwa mapovu. Kilikuwa kifafa. Wenzake walikimbia, maana walikuwa wameambiwa mapovu yale yanaambukiza. Hayaambukizi. Narudia kwa faida ya wale ambao mpaka mwaka huu walikuwa wakimtengea kikombe chake peke yake. Mwisho wa muhula baba aliitwa amchukue, na masomo yakaishia hapo. Alikuwa wa pili darasani, na jambo hilo lilimuuma mpaka utu uzima wake.

Alijifunza kushona huko Maisaka, kwa fundi Mama Rosemary, na mwaka 2007 akapata cherehani yake. Sare nyingi za kwaya mnazoziona leo ni kazi ya mikono yake. Mzee mmoja wa kanisa alipolalamika kwamba suruali inambana, marehemu alimjibu kwa adabu zote kuwa futi kamba yake haijawahi kumsingizia mtu. Mzee huyo yupo hapa, na amenikubalia niseme.

Mumewe, Nickson Aminiel, fundi pikipiki aliyehamia Babati kutoka Mwanga, alikutana naye akifuata suruali. Siku hiyo marehemu alianguka karibu na pasi ya mkaa. Nickson aliisogeza pasi, akamlaza ubavu, akakaa chini kumsubiri. Alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa kama suruali imeungua. Wiki iliyofuata Nickson alileta suruali nyingine ambayo haikuwa na tatizo lolote. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 2012, wakahamia Singe, na Mungu akawapa Clara mwaka 2014 na Venance mwaka 2017.

Tulimpenda, na kwa kumpenda huko tukamfungia. Hakuruhusiwa kukaa na moto peke yake, kuchota maji, kupanda bodaboda, wala kubeba mwanawe mgongoni. Alituambia, "Mmebakiza kunikataza kupumua." Tulicheka, yeye hakucheka.

Juni 2018 alianzishiwa vidonge vya kifafa. Kuanguka kulikoma, akarudi jikoni kwake akiimba. Wiki chache baadaye akapata homa na vipele mwili mzima, kisha ngozi ikababuka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Alilazwa, akapona. Clara, akiwa na miaka minne, alimwona mama yake akirudi nyumbani amefunikwa kanga tu, kwa kuwa hata gauni lilimuumiza. Hospitali ilimwonya asikiguse tena kidonge kile. Hakuna aliyemwambia kuwa kidonge kina ndugu zake. Akabaki hapo katikati miaka yote hiyo: bila dawa anaanguka, akimeza dawa anababuka.

Januari mwaka huu, 2025, Clara naye alianguka. Marehemu alikaa sakafuni amempakata, akasema afadhali angeanguka yeye mara mia. Alimpeleka kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, akapewa vidonge, lakini Clara aliuma meno, hakumeza. Alikuwa anaikumbuka ile kanga. Walijaribu tena na tena hadi Septemba, wakashindwa. Ndipo mama akamwambia mhudumu, "Anza na mimi. Akiniona nameza, naye atameza."

Mhudumu alimuuliza kama amewahi kutumia dawa. Akajibu kama sisi sote hapa tungejibu: "Ile ya kwanza ilinikataa."

Sisi tukisema dawa imemkataa mtu, tuna maana imemdhuru. Mhudumu alielewa kwamba haikumsaidia. Akamjibu, "Basi tutakubadilishia, hii itakukubali." Walielewana kabisa, kila mmoja kwa maana yake. Neno hilo moja lingeulizwa tena, leo tusingekuwa hapa. Hilo linanikasirisha, na sioni sababu ya kulificha.

Kila asubuhi alimeza mbele ya Clara, kisha akafungua mdomo na kuinua ulimi mtoto aone hakuna kilichofichwa; ndipo Clara naye akameza chake. Kuelekea mwisho wa mwezi homa ilianza, ikadhaniwa ni malaria. Uso ukavimba, vidonda vikajaa mdomoni. Nickson alimsihi aache kumeza. Alikataa. Aliogopa kuanguka, na zaidi aliogopa mtoto atafikiri nini akimwona anaacha. Alimeza na vidonda vile vile, akafungua mdomo vile vile, mpaka macho yalipogeuka manjano.

Alihamishiwa hospitali ya rufaa. Daktari wa huko alitueleza kuwa dawa hizi mbili ni za ukoo mmoja, na mwili uliomchukia mmoja utamchukia na nduguye. Ini lilikuwa limeharibika, figo zikafuata. Alifariki dunia Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025. Siku moja kabla, akiwa na sauti kidogo, aliniambia, "Mkimpeleka Clara, msiseme ilinikataa. Semeni ilinibabua." Tumesema hivyo hivyo.

Marehemu ameacha mume, mama mzazi, sisi ndugu zake, na watoto wawili. Venance bado anauliza mama atarudi lini. Clara ana miaka kumi na mmoja. Daktari amempa dawa ya ukoo mwingine kabisa, na ametuahidi kumfuatilia kwa karibu. Kila asubuhi baba yake anamwekea kidonge mezani kando ya kikombe cha uji. Clara anakunywa uji. Kidonge kinabaki mezani, na katika sisi wakubwa hakuna mwenye neno la kumwambia, kwa sababu aliyekuwa nalo ndiye tunayemzika.

Mungu ampumzishe Mama Clara mahali pasipo homa, naye mwenyewe amfungue mtoto huyu mdomo.