Kilian Imboden Ashuka Bondeni Kwenye Magari

Baada ya miaka thelathini na minane ya kubeba mizigo ya wageni wa hoteli yetu, Bwana Kilian Imboden anastaafu Jumapili hii, tarehe 21 Aprili, msimu wa theluji unapofungwa. Mimi, Anselm wa mapokezi, ndiye niliyeachiwa wasifu huu, maana wenzangu wote ghafla walikuwa na shughuli.

Kilian alianza na sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, ya kuvutwa na farasi. Farasi alipozeeka akapewa kigari cha umeme, ambacho hadi leo hukibembeleza kwenye mwinuko: haya mama, twende. Hakuna treni iliyoingia asiwepo stesheni, kofia kichwani. Wageni walikishangaa kijiji chetu cha mlimani kisicho na magari, nasi tukajidai kwamba huko bondeni kwao watu wanakula moshi. Tulijiona wajanja kweli.

Kisha figo za mkewe, Bi Klotilde, zikaanza kumsumbua, akahamia bondeni karibu na hospitali anakosafishwa damu. Kilian alitaka kumfuata akistaafu, ila barabara ilimtisha. Nikamcheka sana, halafu nikajitolea kumfundisha kuvuka, mimi niliyezaliwa huku huku juu na hata baiskeli sina.

Basi Februari tukashuka. Tulitembea katikati ya lami tukipiga soga, kama nyumbani, mpaka honi ikaturusha kando. Tukafika kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, na gari likasimama kutupisha. Sasa, kwetu sisi chombo kikisimama mbele yako ujue mgeni kafika. Kilian akavua kofia, akazunguka nyuma, akafungua buti na kushusha gunia la viazi. Nami nikainama dirishani kumuuliza mama dereva kama angependa chumba kinachotazama mlima.

"Nyie wazee mna wazimu?" akauliza. "Si mvuke tu?"

"Karibu sana," nikamjibu. Ulimi umeshazoea.

Viazi vikarudishwa, radhi zikaombwa, foleni nyuma ikatutukana kwa lugha tatu. Tulivuka tumeshikana mikono kama watoto wa chekechea.

Kwenye treni ya kurudi nilimshauri abaki zake huku juu. Klotilde ana wauguzi, naye Kilian atagongwa bure.

"Wauguzi anao," akasema. "Lakini nimeshashuka mara nyingi, Anselm, bila wewe kujua. Nasimama upande huu wa barabara, yeye yuko dirishani upande ule. Ananipungia, nampungia, napanda treni narudi. Anadhani nina haraka ya kazi."

Tangu siku hiyo tumeshuka kila Jumatatu, na wiki iliyopita alivuka peke yake, nikabaki mimi ng'ambo nikimpungia.

Ahsante, Kilian, kwa kila sanduku. Wewe na Bi Klotilde tunawaombea afya, na jioni nyingi mkiwa upande mmoja wa barabara.