Almasi ya Kupikwa

Mwaka wa tisini na sita, ndani ya basi la kwenda Khayega, Mzee Andati, aliyechimba dhahabu maisha yake yote, alikataa katakata. "Armasi inachimbwanga, haipikwangi!"

"Hii tuliipika kwa gesi, mzee, kama ile ya mavi ya ng'ombe," alisema Dorothy, aliyerudi juzi kutoka chuo cha ng'ambo, akimshikisha kipande chembamba kama kucha. "Tutaundia transista zisizoungua kwa joto. Hebu kata nayo barafu hii ya kunyonya niliyonunua steji."

Joto la vidole vya mzee likapita kwenye almasi, barafu ikakatika kama siagi. Basi zima likashangilia. Dorothy akajaa fahari hadi akaona kiti kimekuwa kidogo.

Basi liliposimama Khayega, mzee aliinuka kushuka bila kukubali neno. Ila mlangoni aligeuka, akauliza taratibu, "Hiyo mavi, ni ya ng'ombe wangapi?"