Amezuzuka, Alisema Kamusi

Mwaka wa tisini na tano kijiwe chetu cha Ruiru kilikuwa benchi moja tu, ubavuni mwa kibanda cha simu karibu na soko. Ali aliuza kahawa hapo. Waweru, mwalimu mstaafu tuliyemwita Kamusi, alikuja kubishana. Mimi nilifuatana na Dalmas, niliyefanya naye kazi katika kiwanda cha mablanketi, na Dalmas alikuwa amependa sauti.

Ilianza Juni. Simu ya kibanda ililia saa saba mchana, Dalmas akainua, mwanamke akasema amekosea namba. Wakaongea mpaka king'ora cha kazi. Tangu hapo ililia kila siku saa ile ile. Dalmas akaacha kula lunch. Akanunua viatu. Alikuwa na mke Bungoma, Nelima, lakini hakumtaja tena.

Tukabishana, hiyo kitu tuiite nini.

— Si ni mapenzi tu, nilisema.

— Zii, si mapenzi. Amezuzuka, akasema Kamusi. Mzuzu ni mgeni asiyejua njia. Huyu amekuwa mgeni ndani ya kichwa chake mwenyewe.

— Basi kuna mwenyeji, akasema Ali.

— Mwenyeji gani?

— Huyo anayepiga. Mtu akizuzuka hivyo, si yeye anapenda. Kuna kitu kinampenda.

Tulicheka. Ali hakucheka. Siku hiyo Dalmas alipotoka kibandani nilimwuliza huyo mama ni nani. Akasema anakaa Ngoliba, na anamwita kwa jina ambalo ni marehemu nyanya yake pekee aliyelitumia. Alisema hivyo akitabasamu. Ijumaa akavaa viatu vipya, akaenda kumwona.

Hakurudi. Nikamtumia Nelima habari kwamba ameenda Ngoliba, na wiki iliyofuata alifika kijiweni akitokea huko. Huko walimwambia Dalmas alionekana Ijumaa jioni akielekea mtoni, akiongea peke yake.

Tukamweleza habari ya simu. Fundi wa simu alikuwa hapo, amefungua kibanda ili aking'oe. Akatuonyesha waya. Ulikuwa umekatika, ncha zimeshika kutu. Laini hiyo, alisema, imekufa tangu Januari.

Kamusi akavua miwani.

— Lakini tuliisikia, akasema. Sote watatu. Kila siku.

Nelima akatutazama mmoja mmoja. Hakuwa akilia.

— Mliisikia, akasema. Na mkamwacha aende peke yake?

Ali alimmiminia kahawa, akabaki ameshika kikombe ambacho Nelima hakukipokea.