Isaiah Osundwa, Aliyeandika Misiba ya Kakamega

Alipokata roho Isaiah Osundwa, siku ya Jumatano tarehe 17 Novemba 1999, saa tisa na robo alasiri, katika wodi ya wanaume ya hospitali moja mjini Kakamega, waliokuwepo ni mke wake Rosebella Nekesa, mtoto wao mdogo Sammy aliyekuwa mgongoni mwa mama yake, kaka yake mkubwa Onesmus, mwajiri wake Bwana Kiprono, muuguzi Moraa, na mgonjwa wa kitanda cha jirani aitwaye Kibiwott, ambaye aliombwa ageukie ukutani akakataa, akasema mtu hafi kama mbuzi, lazima awe na wa kumtazama. Majina haya yanatajwa kwanza kwa sababu kumesemwa huko sokoni kwamba marehemu alikufa peke yake, na hilo si kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 hapa Navakholo, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Sammy Osundwa, aliyetangulia mwaka 1988, na Mama Navalayo, aliyetangulia mwaka huu. Mvua za kupanda zilikuwa zimeanza, mama yake alirudi kutoka shambani jembe likiwa bado begani, na aliyemkata mtoto kitovu ni jirani yetu Mama Ayuma, ambaye tunaye hapa leo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1977, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1983, na katika miaka hiyo, mwaka 1982, Mzee Barasa Makhanu, binamu ya baba yake, ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake ameshika kiti, hadi kijana akaweza kwenda mwenyewe bila kujua kwamba ameachiliwa, na wema huo marehemu aliusimulia kwa watu hadi mwisho wa maisha yake. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1987, akakaa nyumbani mwaka mzima akikata miwa ya watu, kisha akaingia chuo cha ufundi cha Sigalagala mwaka 1989, akasomea umeme, akahitimu mwaka 1991.

Kazi aliianza mwaka 1992, akizunguka kwa baiskeli katika shule na ofisi kutengeneza taipureta, na mwaka 1994 Bwana Kiprono alimwajiri katika duka lake la kupiga chapa na fotokopi mjini Kakamega. Machi 1997 Bwana Kiprono alinunua kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, na tangu siku ile marehemu hakutaka kazi nyingine isipokuwa kutengeneza kurasa za intaneti, ambazo mtu akiwa Amerika au Uingereza angeweza kuzifungua na kuzisoma.

Alikuwa amemwoa Rosebella Nekesa kanisani, Jumamosi tarehe 7 Desemba 1996, nao wakajaliwa watoto wawili, Mitchel, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1997, na Sammy, aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1999. Nekesa alisoma hadi darasa la nane tu, lakini marehemu hakumdharau hata siku moja. Kwa kuwa intaneti ilipatikana kwa kupiga simu Nairobi, na simu hiyo ilikuwa ghali, na kompyuta ilikuwa ya wateja, marehemu aliandika kurasa zake kwanza kwa kalamu katika daftari, pamoja na zile alama ambazo kompyuta huzifuata, na kila alama inayofunguliwa lazima mbele ifungwe, la sivyo ukurasa wote unaharibika. Alimfundisha mke wake kuzikagua. Basi Nekesa alikuwa akimnyonyesha mtoto huku amefungua daftari gotini, akifuata mistari kwa kidole, na alipopata kosa marehemu alicheka, akamwambia, "Mama Mitchel, leo umeniokoa tena." Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajafika, Bwana Kiprono alimwachia kompyuta na simu kwa nusu saa, naye akaipeleka kazi ya wiki nzima.

Mwanzoni aliandika kuhusu siku za soko na kwaya ya kanisa, lakini Februari 1998 ilifika barua kutoka kwa binti mmoja wa Kakamega aliyekuwa ng'ambo, akieleza kwamba baba yake alizikwa na yeye akapata habari miezi minne baadaye, na marehemu aliposoma barua ile hakula chakula cha mchana. Ndipo alipoanzisha ukurasa wa misiba, akikusanya matangazo ya vifo kutoka redioni na kwenye mbao za posta, akaandika jina, kijiji na siku ya maziko, bila kumtoza mtu yeyote.

Ukurasa huo ulimtesa sana. Kampuni ya kwanza iliyompa nafasi ya bure iliweka tangazo lake juu ya kila msiba, picha ya msichana anayecheza ngoma akiwaita watu waende likizo, na marehemu alipojaribu kuificha, wakamfungia. Kampuni ya pili iliufunga ukurasa hadi kesho yake kila watu walipousoma kwa wingi, yaani siku zile hasa ambazo msiba ulikuwa mkubwa. Kampuni ya tatu ilionekana nzuri, na huko ndiko alikohamia Julai 1998, akishukuru.

Jumamosi tarehe 10 Oktoba 1998, alfajiri, marehemu alisikia redioni, betri zikiwa dhaifu na sauti ikipotea, kwamba Barasa Makhanu, mkulima wa miwa, ameaga dunia. Alijua kwamba Mzee wetu Barasa Makhanu amelazwa hospitalini wiki ile, akalia, akaandika jina hilo na kijiji cha Navakholo, na Nekesa akakagua daftari, akakuta alama zote zimefungwa vizuri, akamrudishia, naye akaipeleka asubuhi ile ile. Aliyekufa alikuwa Barasa Makhanu mwingine, wa Butali. Mzee wetu alikuwa ametoka hospitalini siku mbili kabla.

George, mwana wa Mzee Makhanu, alikuwa Amerika, akausoma ukurasa, akapanda ndege, na Jumamosi iliyofuata, tarehe 17, akaingia bomani na gari la kukodi, wanawake aliokuja nao wakipiga mayowe tangu barabarani, mkononi ana suti mpya ya kumzikia baba yake. Mzee alikuwa ameketi mbele ya nyumba, anatafuna mahindi ya kuchoma. Aliitazama ile suti, akauliza, "Hiyo ni ya nani?" Waliokuwepo wanasema ni watoto tu waliocheka, na kwamba Mzee aliliweka gunzi chini polepole, akaingia ndani, asitoke hadi kesho yake.

Jumapili tarehe 25 Oktoba wazee wa ukoo walikaa, marehemu akaitwa, akapiga magoti, akaeleza kila kitu, na Mzee Makhanu akamwambia, "Wewe Isaiah, mimi natafuna mahindi na wewe unaniandika maiti? Na dunia nzima inanisomanga hivyo?" Marehemu aliomba aletwe kondoo wa kutakasa, lakini wazee wakaamua kwamba kondoo hawezi kumtakasa mtu ambaye neno lake bado linasema, kwa hiyo jina litoke kwanza huko lilikoandikwa, na mpaka litakapotoka Isaiah asikanyage boma lolote lenye msiba. Aliwashukuru, kwa sababu aliona ni kazi ya dakika tano.

Alipofika mjini alikuta simu zimekufa, wezi wameiba waya njiani kilomita nzima, na kila wiki waliambiwa wiki ijayo. Simu ilirudi tarehe 4 Desemba. Katika majuma yale sita kampuni ya ukurasa ilikuwa imenunuliwa na kampuni nyingine, nayo ikawaandikia wateja wote wachague neno la siri jipya, na barua hiyo ikaenda kwenye sanduku lake la barua pepe, ambalo kampuni iliyolitoa ilikuwa imelifunga, kwa kuwa halikufunguliwa kwa siku thelathini. Akaomba neno la siri, wakasema wamelituma kwenye sanduku lile lile lililofungwa. Akafungua sanduku jipya, wakasema ombi lazima litoke kwenye la zamani. Akaomba la zamani lifunguliwe, wakasema haiwezekani. Akaandika kwamba kuna mzee aliye hai ambaye ameandikwa amekufa, na kwamba haombi kitu kingine ila jina hilo moja lifutwe.

Aliandika mara kumi na moja. Kila jibu lilimshukuru kwa barua yake, likamwambia kwamba yeye ni mtu muhimu sana kwao, na marehemu alipoyaleta majibu hayo nyumbani Nekesa alifurahi, akasema watu hawa wana adabu kuliko wazee wetu, Mungu awabariki. Aliyahifadhi ndani ya Biblia. Ni mwezi wa Machi tu marehemu alipomweleza, kwa upole, kwamba hakuna mtu aliyeyaandika, mashine hujibu yenyewe, na Nekesa akayatoa humo moja moja asijue ayaweke wapi.

Mjini vijana walimpigia kelele, "Karani wa makaburi, leo umeandika nani?" na kanisani watu waliacha nafasi pande zote mbili za kiti chake, ila Mama Ayuma, ambaye kila alipokuja mjini alikwenda kuketi hapo, akidai kwamba anasikia mahubiri vizuri akiwa upande ule.

Mama Navalayo alifariki Jumapili tarehe 6 Juni 1999, akazikwa Jumamosi tarehe 12. Marehemu alifika langoni amevaa koti lake la harusi, na Onesmus, kaka yake, akamwekea mikono kifuani akamzuia, akamwambia, "Ndugu yangu, usiniletee maneno na wazee leo." Nekesa alikuwa karibu, aliona mikono hiyo ikikawia kuondoka kifuani, na anaomba hilo nalo likumbukwe. Marehemu alisimama barabarani, kando ya miwa, tangu saa nne hadi saa kumi, akisikiliza mama yake akizikwa. Nekesa aliingia, akatupa udongo kaburini, akatupa tena mara ya pili, na mzee mmoja akamuuliza, "Huo wa pili ni wa nani?" naye akageuka kutazama barabarani. Ni Mama Ayuma aliyetoka nje na sahani ya obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, akamwambia marehemu, "Kula, mwanangu, mama yako hangekubali usimame na njaa." Alikula amesimama.

Marehemu alianza kuugua homa Ijumaa tarehe 12 Novemba, akafikiri ni malaria ya kawaida, akaenda kazini, na Jumapili asubuhi hakuweza kumtambua Mitchel, akapelekwa hospitalini kwa gari la Bwana Kiprono. Daktari alisema malaria imepanda kichwani. Siku ya Jumatano akili ilimrudia kwa muda mfupi, akamwona kaka yake, akauliza, "Onesmus, mtanipokea nyumbani?" Onesmus alitazama dirisha. Marehemu akauliza tena, na aliyemjibu ni muuguzi Moraa, ambaye hakujua lolote la ukoo huu, akamwambia, "Utapokewa, Baba Mitchel, wewe lala," naye akalala, na kabla ya nusu saa kwisha akawa ametutoka.

Wazee walikaa Ijumaa, wakakaa tena Jumapili, kwa sababu marehemu alikatazwa kuingia boma lenye msiba, na sasa boma la baba yake lilikuwa na msiba, na msiba wenyewe ni yeye. Mmoja wao alicheka. Mzee Makhanu aliulizwa kauli yake, naye akauliza, "Jina langu limetoka?" Bwana Kiprono alikuwa ameuchapisha ukurasa kwenye karatasi asubuhi ile, akasema halijatoka. Mzee akasema, "Basi mnaniuliza nini?" Mwishowe waliamua kwamba jeneza lisipite langoni wala lisilale uani, lipitishwe kwenye ua uliovunjwa kule nyuma, na kaburi lichimbwe hapa kwenye mpaka wa shamba uliopandwa katani, mahali tulipo. Kaburi hili alilichimba Onesmus peke yake, tangu alfajiri, akakataa kusaidiwa, na mikono yake imetoka malengelenge.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, na zaidi muuguzi Moraa, inamshukuru Bwana Kibiwott, ambaye bado ni mgonjwa na ametuma salamu, inamshukuru Bwana Kiprono na wafanyakazi wenza wa marehemu waliofunga duka siku tatu, Mama Ayuma na majirani walioleta kuni, maji na unga, na binti yule wa ng'ambo aliyetuma rambirambi ndefu kupitia kompyuta ya Bwana Kiprono. Inawashukuru pia wazee wa ukoo, kwa kuwa wangeweza kutukatalia hata hapa.

Isaiah, lala salama mikononi mwa Bwana, ambako hakuna atakayekuzuia mlangoni.

Mjane na watoto wanarudi mjini leo. Kikao cha kumaliza matanga, kunyoa nywele na kugawa shamba la marehemu kitakuwa Jumanne tarehe 30 Novemba, saa nne asubuhi, na mwenyekiti atakuwa Mzee Barasa Makhanu.