Nilivyomfelisha Marehemu Mtihani wa Stima

Assalam alaikum kwa wenye salamu hiyo. Bwana asifiwe kwa wenye hiyo nyingine. Na nyinyi vijana mliosimama karibu na mlango wa jikoni, sasa? Nimemaliza salamu zote ninazozijua, kwa hiyo sina budi kuanza.

Mimi ni mtu wa maneno machache. Bi mkubwa mwenye nyumba hii anajua. Mara saba nimekuja hapa Al Twar, nikaketi kwenye kile kiti cha chini ya kiyoyozi, nikala, nikaosha vyombo, nikaenda zangu. Wiki jana akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, humu ndani kila mtu kafiwa, na kila mtu kasema lake. Wewe kazi yako kula biriani yetu tu." Basi leo nailipia.

Sheria yetu ni kutotaja mtu kwa jina, nami nitaishika. Lakini mtaona kwamba habari yangu yote ni ya jina.

Mume wangu alikuwa msaidizi wa mafundi katika kiwanda cha maji ya chupa hapa Dubai. Mimi nilikuwa hapo hapo, upande wa mopu. Yeye alipita na bisibisi, mimi nikafuata nyuma nikifuta alama za viatu vyake. Alikuwa mtu wa kufaulu. Tangu darasa la kwanza hakuwahi kufeli mtihani, na alinikumbusha jambo hilo mara nyingi kuliko nilivyohitaji kulijua.

Kiwanda kikamchagua aende mafunzo ya ufundi wa mitambo: mota, vihisi vya kutambua chupa, na vile visanduku vyenye waya nyingi vinavyoamua chupa ipi ijazwe na ipi ingoje. Kila Jumamosi asubuhi, mpaka mtihani. Akanunua daftari, akaandika jina lake kwenye jalada kwa wino mwekundu. Wiki mbili kabla ya kuanza, moyo wake ukasimama. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Hapo sitaongeza neno.

Mwili ulisafirishwa nyumbani. Mimi sikuweza kwenda. Mazishi niliyaona kwenye simu, na mtandao ukakatika walipofika kaburini. Uliporudi, watu walikuwa wanakula.

Siku mbili baadaye msimamizi wetu kiwandani akaniita, akanipa fomu ya mume wangu. "Madam, pole sana. Jumamosi peleka hii kwa mwalimu, pale Al Muraqqabat. Mwambie nafasi iko wazi." Maneno matatu tu. Nilijifunza kuyasema kwenye metro, kituo baada ya kituo: nafasi iko wazi, nafasi iko wazi.

Nikafika nimechelewa. Mwalimu, Mhindi mwenye masharubu mazito, alikuwa ameshaanza kuita majina. Nikasimama mlangoni na fomu yangu. Akafika kwa mume wangu. "Mista fulani?" Akainua kichwa. "Mista fulani!"

Ndugu zangu, nawaambia kama ilivyokuwa. Nilifungua mdomo niseme amefariki. Nikasikia mdomo unasema, "Yes, sir."

Mwalimu akaniangalia. Akaangalia karatasi. Akaniangalia tena, kuanzia kilemba hadi viatu.

"Wewe ndiye Mista?"

"Yes, sir."

"Haya. Yalla, kaa chini, Mista."

Akaweka tiki. Nadhani aliona kwamba Afrika ni kubwa na majina yake ni mengi.

Msinidhanie mjanja. Nilikaa kwa sababu niliambiwa kaa. Niliporudi Jumamosi ya pili nilikusudia kusahihisha. Lakini alipoliita lile jina tena, nikagundua kwamba katika Dubai yote hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu bado anamwita mume wangu, na ndipo mahali pekee ambapo anaitikiwa. Nikaitikia Jumamosi kumi na moja. Msimamizi wangu nilimwambia karatasi nimepeleka. Ni kweli nilipeleka.

Bi mkubwa, usicheke bado. Kuna stima mbele.

Jirani yangu darasani alikuwa askari wa ulinzi, Mganda, mtu mrefu wa kucheka kwa mabega. Yeye ndiye aliyelifanya darasa zima liniite Mista. "Mista, umeamkaje? Mista, bwana wako anakuruhusu kuja huku?" Mimi nilitabasamu tu na kuandika. Swali sikuuliza hata moja. Maiti haiulizi maswali, na mimi nilikuwa pale kwa niaba ya maiti.

Na kutouliza ndiko kulikonimaliza.

Kwenye swichi za mitambo kuna matundu mawili mawili ya kufungia waya. Moja limeandikwa NO. Wiki mbili sikuligusa, maana nilisoma "no" kama anavyosoma kila mtu: hapana, toa mkono. Siku moja mwalimu akaeleza kwamba hizo ni herufi za mwanzo za maneno mawili ya Kiingereza, normally open. NO ni swichi ambayo ikiachwa yenyewe iko wazi. NC ni ile ambayo ikiachwa yenyewe imefungwa. Akatuambia tufikirie stima kama maji kwenye bomba.

Nikafurahi! Maji nayajua. Kwetu maji tunafungulia, yanakuja. Redio tunafungulia, inaimba. Stima ikikatwa na jamaa akienda kwenye meinswichi, anauliza, "Nifungulie?" Kwa hiyo nikaandika kwenye daftari la marehemu: ikiwa wazi, stima inapita, ikifungwa, stima inasimama. Nikapigia mstari chini.

Nyinyi mnaojua ufundi nawaona mnashika vichwa.

Siku ya mtihani kila mtu alipewa kamkanda kadogo kama ule wa kubebea chupa, mota moja, kitufe cha kijani cha kuwashia, na kile kitufe chekundu kikubwa cha dharura, ambacho ukikibonyeza kila kitu kinatakiwa kisimame. Ukifunga waya vizuri umepita. Nilifunga waya kwa usafi ambao haujapata kuonekana. Mtu wa mopu akikufungia waya, hakuna hata moja inayoning'inia.

Mwalimu akafika mezani kwangu na kikombe chake cha karak, ile chai ya maziwa na iliki, na ile rejista ya majina. Vyote akaviweka juu ya mkanda wangu, kwa kuwa meza ilijaa. "Good, Mista. Safi sana." Akabonyeza kijani. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akasema, "Tuhakikishe usalama kwanza," akabonyeza nyekundu.

Mkanda ukaondoka.

Karak ilikwenda imesimama wima, imetulia kama mtu aliyelipa nauli. Rejista ikafuata. Mwalimu akafanya ambalo mimi na wewe tungefanya: akabonyeza nyekundu kwa nguvu zaidi. Akaibonyeza kwa kiganja. Akaibonyeza kwa viganja viwili, akipiga kelele, "Stop! Khalas! Khalas!" Sasa, kitufe kile kikishazama kinabaki chini, na kwa jinsi nilivyokifunga mimi, kadiri anavyokishindilia ndivyo anavyoupa mkanda ruhusa ya kwenda. Karak ikafika mwisho ikamwagikia suruali ya Mganda. Rejista ikaangukia kwenye karak ile ile. Ndipo mtu mmoja akachomoa waya ukutani.

Hakuna kilichokosewa, ndugu zangu. Kila kitu kilikuwa sawa, ila kinyume.

Mwalimu akaokota rejista, akaikung'uta, akachukua kalamu. Akasoma huku anaandika, kwa sauti, darasa zima linasikia: "Mista fulani. Fail."

Mimi naweza kufeli. Nimefeli mengi, nimezoea. Lakini lile jina halikuwa limewahi kutajwa pamoja na neno hilo. Mtu amekaa maisha yake yote bila kufeli, amekufa akiwa na rekodi safi, halafu mke wake anakuja kumfelisha yuko kaburini! Nikajiona nimemfanyia ubaya ambao hata adui yake hakuufanya.

Nikasimama. Nilisema kwa sauti ambayo sikuijua.

"Sir, futa. Aliyefeli ni mimi. Huyo ni mume wangu, na mume wangu amekufa."

Hata Mganda aliacha kufuta suruali.

Mwalimu akakaa kwenye kiti changu. Akauliza lini, nikamwambia. Akauliza, "Na hizi Jumamosi zote?" Nikamwambia ni mimi. Nilidhani ataniita mwizi. Akafungua rejista, akasema kwa upole, "Madam, rejista haiwezi kusema uongo. Nitaisahihisha, na wewe utakaa hapa uone." Akaanza. Jumamosi ya kwanza, akakata tiki, akaandika hayupo. Ya pili, hayupo. Ya tatu. Karatasi ilikuwa na karak, wino unatawanyika, naye anaendelea polepole mpaka ya kumi na moja. Hayupo. Nililia hapo kilio ambacho simu ilininyima. Kwangu mimi hayo ndiyo mazishi.

Kisha akafungua mstari mpya chini kabisa, akaniuliza naitwa nani.

Akampigia simu msimamizi wangu. Yule bwana alinguruma hadi tukamsikia sote: "Nilimtuma apeleke karatasi, akajipeleka mwenyewe mzima mzima!" Halafu akatulia. Akasema nipewe mtihani mmoja tu, wiki mbili baadaye, kwa jina langu. Nikipita, nitahamia kwa mafundi. Nikifeli, mopu yangu iko palepale.

Nikatoka nje. Mganda akanifuata, ananukia iliki.

"Sasa sitakuita Mista," akasema. "Pole, dada yangu. Kumbe tulikuwa tunamtania marehemu. Lakini niambie, kwa nini kila kitu umekiweka juu chini?"

Lilikuwa swali, na kwa mara ya kwanza nikalijibu. Nikamweleza habari ya bomba na redio. Akacheka mabega yakapanda mpaka masikioni.

"Dada, mimi nalinda pale Al Jaddaf, karibu na Khor, ule mkono wa bahari. Daraja likifunguliwa mashua zipite, magari yanafanyaje?"

"Yanasimama."

"Likifungwa?"

"Yanapita."

"Haya. Nani alikwambia stima ni maji? Stima ni magari."

Nilisimama palepale kwenye jua. Daraja likiwa wazi, hakuna anayevuka. Likifungwa, safari inaendelea. Kitufe chekundu ni daraja lililofungwa siku zote, ukilibonyeza linafunguka na magari yote yanasimama. Nikatoa daftari, nikafuta ule mstari wangu, nikachora daraja.

Wiki mbili baadaye mwalimu alikuja mezani kwangu. Karak alikuwa ameishika mkononi, hakuiweka popote. Mganda alikuwa amekaa mbali, analinda suruali yake. Mwalimu akabonyeza kijani, mkanda ukaenda. Akasogeza kidole kwenye nyekundu, akaniangalia, mimi nikaangalia dari. Akabonyeza.

Ukasimama.

Alisoma majina yangu yote matatu, akiandika kwamba nimepita. Nikajibu, "Nipo, sir," ingawa hakuniuliza.

Kwa hiyo nawashukuru. Namshukuru mwalimu, aliyejua kwamba kusahihisha rejista si kumwadhibu mtu. Namshukuru msimamizi wangu na ngurumo yake. Namshukuru Mganda, na deni la suruali ameshanisamehe. Nawashukuru nyinyi mlioniacha nile kimya wiki zote hizi. Wewe uliye mpya hapa, unayekaa sasa kwenye kile kiti cha chini ya kiyoyozi: kuna maneno mawili yaliyonishinda, "sijui" na "amekufa". Nilipoyasema, hakuna aliyenifukuza. Yajaribu ukiwa tayari.

Naona Bi mkubwa anatazama jikoni, basi nafunga. Na ninafunga kwa lugha ya mafundi: daraja limeshuka, piteni. Biriani iko mezani, na leo sahani yangu naipakua bila aibu.