Gari Limekuwa Jepesi

OSEA: Haloo? Nani mwenzangu?

NESTA: Ni mimi, kaka. Nesta. Shikamoo.

OSEA: Marahaba. Mbona namba siijui?

NESTA: Simu ni ya... ya fundi Habibu. Kanipa nikupigie.

OSEA: Habibu. Haya. Biashara ya chai umeacha, sasa umekuwa karani wake?

NESTA: Hapana, kaka. Bado nauza hapa hapa gereji. Uko wapi?

OSEA: Vwawa tumeshaipita. Nimemchukua mama kule kijijini Ruanda, yuko hapa nyuma na kuku wake. Mpikie wali, anakuja kukaa kwako.

NESTA: Unaendesha polepole?

OSEA: [anacheka] Polepole na turbo? Mdogo wangu, gari leo jepesi, sijawahi kuliona hivi. Nagusa kidogo tu, linaruka. Na mshale wa mafuta toka asubuhi haujashuka—

NESTA: Ndiyo hilo, kaka.

OSEA: Ndiyo hilo nini?

NESTA: [mtandao unakwaruza] ...alikuja kunywa chai hapa.

OSEA: Nani? Rudia, unakatika.

NESTA: Mbonile. Yule fundi wa kule barabarani. Akawa anajisifu kwamba ulimpelekea gari akalibana mafuta. Alilegeza ile rejeleta inayopima mafuta, ili yaende kidogo kwenye injini. Anasema uliondoka umefurahi.

OSEA: Sasa kosa liko wapi? Madereva wote wa Tunduma wanabana mafuta.

NESTA: Habibu alikuwa amekaa palepale. Akauliza, gari lipi? Mbonile akasema, la kaka yake Nesta. Habibu akaweka kikombe chini. Hakuimaliza chai.

OSEA: Wivu huo.

NESTA: Anasema magari ya wenzako hayana turbo. La kwako alilifunga turbo na kuliongezea upepo yeye mwenyewe, maana wewe ulitaka lishindane na yale ya Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Na upepo ukiongezwa, mafuta nayo yaongezwe. Wewe umekwenda kuyapunguza. Anasema mle ndani sasa ni moto mtupu, hauna cha kuupoza.

OSEA: Mbona hasemi mwenyewe?

NESTA: Yuko hapa. Anasema tangu mgombane, ukisikia sauti yake utakata simu.

OSEA: Angalau hilo analijua.

NESTA: Kanionyesha pistoni. Ni ya gari lililoletwa hapa likivutwa kwa kamba. Ina tundu katikati, kingo zimeyeyuka kama mshumaa. Nikamuuliza, mwenye gari hakuona dalili yoyote? Akasema aliona raha tu. Gari lilikuwa jepesi.

OSEA: [anapandisha muziki]

NESTA: Kaka?

OSEA: Nipo. Unaongea kama mhubiri wa stendi.

NESTA: Anasema ukipanda kilima, usikilize. Ni kama punje za mahindi makavu ukizitikisa kwenye kopo. Umesikia kitu hicho?

OSEA: Nisikie wapi, muziki uko juu.

NESTA: Zima muziki, kaka. Samahani.

OSEA: Kuna lori la tangi hapa mbele linatambaa. Nikishalipita nazima.

NESTA: Usiovateki. Habibu anasema ukikanyaga sana ndipo injini inapokata ghafla. Likikata ukiwa ubavuni mwa lori—

OSEA: Nesta. Wewe hata baiskeli hujui.

NESTA: Sijui, kweli. Basi nipe mama nimsalimie.

OSEA: Usimtishe.

NESTA: Namsalimia tu.

MAMA: Haloo, mwanangu.

NESTA: Shikamoo mama. Kaka anasikia ninachosema?

MAMA: Atasikia wapi na muziki huu? Gari lake linakwenda kama linateremka, na huku tunapanda.

NESTA: Mama, mwambie umebanwa na haja. Asimame sasa hivi, kabla hajalipita lile lori. Ushuke na simu, usiikate.

MAMA: Mbona sijabanwa?

NESTA: Najua, mama. Mimi hanisikilizi. Kukukatalia wewe ataona haya.

MAMA: [kwa mbali] Osea. Simama hapo kwenye mashamba ya kahawa, baba. Nimebanwa. [mtandao unakwaruza]

NESTA: Mama? Haloo?

MAMA: Nimeshuka. Kuna nini? Kuna msiba?

NESTA: Hakuna. Gari lina ubovu kwenye injini, linaweza kukata njiani. Habibu anakuja kuliangalia. Usilipande tena. Mwambie kaka alizime, akae na wewe hapo.

MAMA: Ngoja. [sauti mbili kwa mbali] Anacheka. Anasema kumbe tunamzunguka.

NESTA: Amelizima?

MAMA: Bado linanguruma. Amefungua boneti, ameinama anasikiliza. Anasema hamna punje wala kopo, Habibu muongo.

NESTA: Likiwa limesimama halilii, mama. Linalia likipanda.

MAMA: Ngoja nimwambie.

NESTA: Hapana, usi— Mama?

MAMA: [kwa mbali] Nesta anasema linalia likipanda. Haya, amefunga boneti. Anasema basi atalipandisha kilima hiki peke yake, mara moja tu, alisikilize vizuri. Halafu ananirudia.

NESTA: Mama, mshike.

MAMA: Nimshike vipi, mtu mzima na ndevu zake?

NESTA: Mpe simu. Mpe simu, mama.

MAMA: Ameshaondoka. Amenishushia na kuku. Unalisikia?

NESTA: Nalisikia.

MAMA: Linapiga mluzi. Lina nguvu hili gari, mwanangu, sikudanganyi. Amelifikia lile lori la tangi. Anatoka pembeni.

NESTA: Huko mbele kuna gari linakuja?

MAMA: Sioni. Kuna kona pale juu. [mtandao unakwaruza] Nesta.

NESTA: Ndiyo, mama.

MAMA: Mluzi umekatika. Injini siisikii tena.

NESTA: Unamwona kaka?

MAMA: Naliona lori tu. Linapiga honi. Mbona haliachi kupiga honi?

NESTA: Habibu ameshawasha pikipiki, mama. Tunakuja.

MAMA: Ngoja nisogee nikaone.

NESTA: Usisogee. Kaa hapo ulipo. Mama, nakuomba, usiende huko, kaa—

[Simu inakatika. Salio limekwisha.]