Kazi ya Marehemu: Mkata Manyoya

Kabla ya yote, familia inawaomba radhi nyote mlioshika kijitabu hiki na kuona vidole vyenu vimekuwa vyeusi. Wino wa jalada ni ule wa kupigia chapa marobota ya sufu, na haujakauka sawasawa. Sababu yake itajulikana mbele. Kwa sasa itoshe kusema kwamba marehemu aliacha ombi moja tu kuhusu mazishi yake. Hakuomba maua wala nyimbo. Aliomba kwamba kwenye karatasi ya mwisho itakayobeba jina lake, kazi yake iandikwe kama ilivyokuwa.

Coralie Jean Haddrick alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Machi 1951, mjini Burra, Australia Kusini, akiwa mtoto wa tatu na binti pekee wa marehemu Wesley na Ada Tregenza. Kaka zake wawili walipenda pikipiki. Yeye alipenda kondoo, na baba yao alikuwa nao mia tatu. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, baba aliteguka kifundo cha mkono katikati ya msimu, na kondoo arobaini wakabaki zizini na manyoya yao. Coralie aliwamaliza kwa siku tatu. Baba akamwambia, "Usimwambie mama yako." Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akajibu, "Mama ameshaona. Huyo wa mwisho mmemwachia skafu shingoni."

Alisoma hapohapo Burra tangu darasa la kwanza hadi mwaka 1967. Alikuwa mzuri wa hesabu na mbaya wa mapishi, na somo la mapishi lilikuwa la lazima kwa wasichana. Mwaka 1965 wanafunzi walipewa fomu wajaze kazi watakayo ukubwani. Coralie aliandika "mkata manyoya". Fomu ilirudi na mstari mwekundu juu ya maneno hayo, na pembeni, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, "karani". Aliipeleka kwa baba yake. Mzee Wesley aliitazama, akaikunja, akamrudishia. "Itunze," alisema. "Siku moja utaicheka." Coralie aliiweka kwenye kopo la biskuti. Ilichukua muda kuchekesha, maana kwa miaka sita baada ya shule alikuwa karani kweli, katika duka la mbegu, na kondoo akawakata mwisho wa juma tu, wa majirani.

Jumatatu, tarehe 4 Februari 1974, aliacha duka akaenda shamba la Wirrabilla, ambako alisikia kikosi cha Clem Rudge kimepungukiwa mtu mmoja. Desturi ya mabanda ya kukatia manyoya wakati huo wengi wenu mnaikumbuka: mwanamke akionekana anakuja, wa kwanza kumwona hupiga kelele, "Bata bwawani!" ili wenzake wafunge vifungo vya mashati na kumeza matusi. Siku hiyo walipiga kelele, wakafunga, wakameza. Clem akatoka na kofia mkononi.

"Karibu, mama. Jiko liko kule nyuma. Tuko ishirini, na chai ni saa tatu na nusu."

Coralie, aliyekuwa amekuja na mashine yake mwenyewe ya kukatia manyoya begani, alikwenda jikoni. Huko alimkuta kijana mwembamba amevaa aproni, unga mpaka kwenye nyusi.

"Nimeambiwa nije nipike," alisema.

"Mungu ni mwema! Unajua kupika?"

"Hata maji nayaunguza."

"Basi nenda zako, dada, kabla hujaniulia watu. Unajua nini?"

"Kukata manyoya."

Yule kijana alifuta mikono, akatoka naye mpaka bandani, akasema mbele ya watu wote, "Clem, huyu si wangu, ni wako." Kijana huyo ni Laurie Haddrick, ambaye leo amekaa hapo mbele na tai aliyoifunga mara nne. Coralie alikata kondoo themanini na wanne siku hiyo. Clem hakusema mengi, hakuwa mtu wa maneno. Alisema, "Kesho saa moja na nusu," na hayo yakatosha.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1978, katika kanisa hilihili. Karani aliyekuwa akijaza cheti alimuuliza bwana harusi kazi yake, naye akajibu "mpishi". Bibi harusi hakuulizwa. Kalamu ilipomfikia asaini, akaona pameshaandikwa: kazi za nyumbani. Wageni walikuwa wamesimama, mikate ilikuwa inakauka, mama mkwe analia. Akasaini. Walipotoka mlangoni alimwinamia mumewe na kumwambia, "Laurie, nimeolewa saa moja tu na tayari nimefukuzwa kazi." Cheti kikaingia kwenye kopo la biskuti. Mwaka 1981 kikafuatwa na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe Glenn, kilichojazwa hospitalini mama amelala, na hicho nacho kikasema kazi za nyumbani. Nyumba ambayo Coralie alifanyia kazi hizo haijulikani hadi leo. Anayejua ile ya Haddrick anajua kwamba ufagio ulikuwa wa Laurie.

Hayakuwa matusi, na Coralie alipenda hilo lieleweke. Matusi alijua kuyajibu. Yalikuwa ni maneno ya kawaida ya watu wema, wakiwa dukani au kwenye ngazi za kanisa. "Watoto unamwachia nani?" Baba yao. "Maskini Laurie, nani anakupikia?" Tangu mwaka 1989, alipoanzisha kikosi chake mwenyewe, simu ya nyumbani ilikuwa mchezo wa kuigiza. Glenn na dada yake Trudy waliukariri.

"Haloo, niitie mzee."

"Mzee anaoka mkate. Ni shida gani?"

"Kondoo elfu mbili, mama, haya mambo ya kazi. Nipe mzee tu."

Basi alimpa mzee. Laurie naye alishika simu kwa mkono wa unga na kusema, "Bwana, mimi kondoo nawajua wakishaiva. Subiri nikupe mwenye kazi." Wengi walicheka, wakaomba radhi, wakaleta kondoo. Wachache walikata simu. Hao Coralie aliwahesabu pia, ingawa alisema hawahesabu.

Iliuma. Familia haitaki kusimama hapa mbele na kudai kwamba alikuwa chuma. Mwaka 1986 alikata kondoo mia moja sabini na wawili kwa siku moja, na jioni, kwenye ngoma ya ukumbini, mtu akamuuliza kama kusimama jikoni kutwa hakumchoshi miguu. Alirudi nyumbani akakaa garini muda mrefu. Laurie alimletea chai humo humo garini, wakainywa pamoja.

Lakini mambo yalibadilika, na yeye alikuwa mmoja wa walioyabadilisha. Katika kikosi chake walipita wanawake kumi na tisa, na baadhi yao wako hapa. Kilio cha "Bata bwawani!" hakikufa, kiligeuzwa tu: bandani kwa Coralie kilipigwa alipokuja mwanamume mwenye viatu safi. Na mjukuu wake Tahlia, alipokuwa na miaka sita, aliambiwa na mwalimu kwamba kesho atakuja mgeni, Bwana fulani, mkata manyoya. Tahlia akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwani wanaume nao hukata manyoya? Si wao hupika?" Siku aliposimuliwa hilo, Coralie alitoa ile fomu ya mwaka 1965 kwenye kopo, akaisoma kwa sauti, na kwa mara ya kwanza akaicheka.

Aliacha mashine mwaka 2013 kwa sababu ya mgongo. Februari mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Hospitalini alihudumiwa vizuri, na huko ndiko alikofanya jambo ambalo yeye mwenyewe aliagiza lisomwe leo. Asubuhi ya kwanza aliingia mwanamke mdogo wa umbo, akamwekea mto vizuri mgongoni.

"Asante, nesi, mwanangu," alisema Coralie. "Daktari anakuja saa ngapi?"

"Ameshakuja, Bi. Coralie. Ndiye anayekuwekea mto."

Alikuwa Dkt. Nilmini Perera. Coralie alicheka mpaka akakohoa, na alipopata pumzi alimshika mkono. "Nisamehe. Miaka hamsini nawasema watu, na leo nimekuandika kazi za nyumbani." Daktari alipotoka, alimgeukia Glenn, na uso wake haukuwa na kicheko tena. "Umeona? Hata mimi. Neno hutoka kabla yako. Wanasema kosa ni kurudia kosa. Mimi nasema kosa ni kulikuta neno pale ulipolitupa, ukalipita bila kuliokota." Kisha akamwambia kuhusu karatasi ya mwisho. Glenn aliahidi. Aliahidi upesi, kama mtu anayeahidi jambo rahisi.

Coralie alifariki Jumapili, tarehe 11 Agosti 2024, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake, Laurie akiwa amemshika mguu kwa sababu Coralie alisema mikono yake ina joto mno kushikwa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Jumatatu Glenn alikwenda ofisi ya mazishi kujaza fomu ya cheti cha kifo. Bibi wa mapokezi alikuwa mpole na mwenye haraka. Jina, tarehe, wazazi. "Na kazi? Kazi za nyumbani, eh?" Na Glenn, aliyelelewa na mwanamke huyu, aliyelala utotoni juu ya marobota ya sufu, aliyekariri zile simu zote, akasema, "Ndiyo." Hakuwa amelala siku mbili, lakini hiyo si sababu, na haiandikwi hapa kama sababu. Mazoea yana taabu. Alisaini akaondoka.

Jumatano majalada ya kijitabu hiki yalifika nyumbani ndani ya boksi, yamechapishwa na ofisi ileile kwa kufuata fomu ile, kwa rangi nzuri. Laurie alivaa miwani, akatoa moja, akalisoma. Chini ya picha paliandikwa *Mama wa Nyumbani*.

"Glenn," alisema, "huyu tunayemzika ni nani?"

Mzee alivua aproni, akazima oveni na mkate ndani yake, akasema, "Washa gari." Ofisini yule bibi alisikitika sana. Fomu ilikuwa bado haijapelekwa serikalini, akaifungua tena. Ili kumchangamsha mzee, akamuuliza, "Na wewe, baba, ulikuwa mkata manyoya siku nyingi?"

"Mimi?" alisema Laurie. "Mimi mpishi, mama. Mkata manyoya ndiye amefariki."

Bibi yule akageuza kioo cha kompyuta ili Laurie aone akiandika, herufi moja baada ya nyingine. Laurie alimwomba asome kwa sauti. Akasoma.

Majalada hayakuwa na muda wa kuchapishwa upya. Ndiyo maana jana, Alhamisi, wanawake sita wa kikosi cha Coralie walikuja na brashi, kopo la wino na bati lililotobolewa herufi, wakayapanga majalada mia moja na ishirini juu ya meza ya jikoni, wakapiga chapa moja moja: *Mkata Manyoya*. Laurie aliwapikia. Glenn ndiye aliyeshika bati, na hakuruhusiwa kuchoka. Karatasi hii ya ndani Tahlia aliichapisha nyumbani baada ya hapo. Yale maneno ya kwanza bado yanaonekana kidogo chini ya weusi, ukilielekeza jalada dirishani. Yaacheni. Yeye asingependa yafichwe, angependa tu yaonekane yamefutwa.

Marehemu ameacha mume, Laurie, watoto wawili, Glenn na Trudy, mjukuu, Tahlia, kaka, Ron, wanawake kumi na tisa aliowafundisha kushika mashine, na kondoo wawili nyuma ya nyumba ambao hawajakatwa, na Ron asiwaguse. Baada ya mazishi mnakaribishwa ukumbini. Kila kitu kimepikwa na mumewe.

Cheti chake cha kifo kitafika kwa posta baada ya majuma mawili, na kitawekwa kwenye kopo la biskuti juu ya zile karatasi nyingine tatu. Kazi: mkata manyoya. Wino wa vidoleni mwenu hautoki kwa sabuni, hutoka kwa siku tatu au nne. Katika siku hizo mtu akiwauliza mmechafuliwa na nini, mwambieni.

Kengele ya kufunga kazi bandani, ya saa kumi na moja na nusu, imelia, Coralie. Zima mashine, nyoosha mgongo, upumzike.